Ngurumo Juu ya Omena

Kazi yangu ni sauti. Katika upigaji wa filamu mimi ndiye yule anayesimama pembeni ameshika fimbo ndefu yenye maiki iliyovishwa manyoya ya kuzuia upepo, hedifoni masikioni, mashine ya kurekodia imefungwa kifuani. Wapita njia humtazama mwigizaji, kisha kamera, kisha mwelekezi. Lakini mtu wa sauti ndiye aliye karibu zaidi na pumzi ya mwigizaji. Mpiga picha anawaza mwanga, mwelekezi ameinamia skrini yake ndogo, na mimi nasikia mate yakimezwa kabla ya neno zito kutamkwa. Kwa hiyo mara nyingi hujua mapema kwamba onyesho fulani lina uhai. Nimeona pia jinsi uhai huo unavyoweza kufukiwa na watu wanaoupenda.

Nataka kusimulia habari ya filamu moja tuliyoipiga Kisumu na mashambani Seme, magharibi ya mji. Mwelekezi wake simtaji, wala filamu yenyewe. Alikuwa mtu mwema kwetu: alitulipa kwa wakati, alikula chakula kilekile tulichokula, na hakumfokea mwigizaji hata mmoja. Filamu nayo haikuwa mbaya, na hapo ndipo maumivu yangu yalipo. Filamu iliyo mbaya tangu mwanzo huisahau ukishalipwa. Hii ilikuwa na hadithi ya kweli, skripti iliyoandikwa kwa utulivu, na mama mmoja wa Nyalenda aliyeigiza kana kwamba kamera haipo. Kisha ikakolezwa, ikakolezwa tena, mpaka uzuri wake ukawa hauonekani wala hausikiki.

Hadithi ni hii. Mjane anauza omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa KICOMI, kile kiwanda cha nguo cha Kisumu kilichofungwa miaka ya 1990, na baada ya kazi kuisha alirudi nyumbani Seme akalima kipande chake cha ardhi hadi alipofariki. Wana ni wawili. Mdogo anaendesha bodaboda Kondele. Mkubwa yuko Nairobi, madeni yamemfika shingoni, naye anauza shamba la baba bila kumwambia mama wala ndugu yake. Kisheria hakuwa na uwezo huo, kwa kuwa mirathi haikuwa imekamilika mahakamani na hati bado ilikuwa na jina la marehemu. Mwandishi alilijua hilo. Mnunuzi katika hadithi ni mtu anayeelewa vizuri anachokifanya. Filamu nzima inahusu zile siku chache kati ya kuuza na kujulikana.

Onyesho la katikati, lile ambalo mengine yote yanaliegemea, ni kijana mkubwa anapomwambia mama yake. Tulilipiga Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, asubuhi. Mimi ndiye niliyeomba iwe asubuhi. Watu wa ziwa wanajua kwamba saa hizo upepo ni mwepesi, unatoka nchi kavu kwenda majini. Ikifika mchana unageuka, unatoka ziwani kwa nguvu, na maiki haipati amani tena mpaka jioni. Asubuhi pia ndiyo saa ya omena. Boti zinakuwa zimerudi, taa zimezimwa, samaki wamenunuliwa na kumwagwa juu ya nyavu zilizotandikwa chini ili jua liwashike mapema. Hatukuhitaji kupamba chochote.

Mama aliketi kwenye kigoda kando ya wavu wake, akichambua. Omena wakianza kukauka hutoa sauti yao, mchakacho mwembamba unapowageuza kwa vidole, karibu kama karatasi. Niliishusha maiki mpaka ikawa nusu mita tu juu ya mikono yake, nje kidogo ya fremu. Kijana alikuja na viatu vyake vya Nairobi, akasimama. Hakuketi. Akasema, "Mama, lile shamba la baba nimeliuza."

Vidole vikaacha.

Kwenye hedifoni hilo lilikuwa jambo kubwa. Mchakacho ulikuwepo tangu mwanzo wa onyesho, mpaka sikio lilikuwa limeuzoea, na sasa haupo. Nikasikia maji yakigonga boti kwa mbali, na ndege kwenye mafunjo, na pumzi ya mama ikiingia bila kutoka. Hakuinua uso. Baada ya muda, muda mrefu kuliko ambao mwigizaji wa kawaida angethubutu kuuacha, akauliza, "Umekula?" Skripti ilikuwa na neno hilo moja tu, naye alilitamka kama mama yeyote angemtamkia mwanawe aliyesafiri usiku. Kisha vidole vikaanza tena, sasa kwa kasi, bila kuchagua, vikichanganya omena wazuri na takataka.

Mambo ya vidole hayakuandikwa popote. Ni yake mwenyewe. Aliwahi kuuza omena soko la Kibuye kabla ya kuanza kuigiza michezo ya kanisani, na mikono yake ilijua la kufanya.

Mwelekezi alifurahi. Alikuja akamshika mama mikono yote miwili, akamshukuru, na macho yake yalikuwa na machozi. Kisha akasema tufanye tena kwa mwendo wa pole, ule ambao sisi huuita slomo.

Kwa asiyejua kazi hii, naomba nieleze slomo inachokifanya kwa sauti. Huku kwetu kwa kawaida tunapiga fremu 25 kwa sekunde. Ukipiga fremu 100 kwa sekunde kisha ukazionyesha kwa 25, tendo la sekunde moja linakuwa la sekunde nne. Picha inapendeza: kila omena anayeanguka anaonekana peke yake, magamba yanameta. Lakini sauti haiwezi kunyooshwa mara nne ikabaki sauti ya kitu chochote duniani. Mhariri huitupa. Mahali pake panabaki patupu, na patupu hapo lazima pajazwe, na karibu kila mara hujazwa muziki. Kwa hiyo mwelekezi anapoagiza slomo katikati ya mazungumzo, ameagiza na muziki pia, hata kama hajaufikiria bado.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipoiona filamu imehaririwa, onyesho la Dunga lilikuwa hivi: kijana anasema neno lake, na papo hapo ngurumo inapasuka. Picha inageuka nyeusi na nyeupe, tunamwona baba akiwa kijana, analima shambani. Tunarudi Dunga, omena wanamwagika polepole kutoka kwenye vidole vya mama, fidla zinapanda. Uso wa mama unajaza skrini. Droni inainuka kutoka juu ya kichwa chake, inapanda, inapanda, mpaka yeye ni nukta kando ya ziwa, na fidla zinafika kileleni. Mchakacho haukuwepo. Vidole kuacha hakukuwepo, kwani huwezi kusikia kitu kikikoma kama hukukisikia kikiendelea. "Umekula?" ilikuwepo, chini ya fidla, na mimi niliyeirekodi nilitega sikio kuipata.

Ukolezaji wa namna hiyo ulikuwa kila mahali. Kila mara shamba lilipotajwa mama alikuwa amejifunga leso nyekundu. Kumbukumbu zote zilipakwa rangi ya machungwa, na Nairobi yote ikawa ya buluu, hata nyuso za watu. Kwenye baraza la chifu kamera ililazwa upande ili tujue kwamba haki imepinda. Palikuwa na ndege ndani ya kizimba, alionyeshwa zaidi ya mara moja, na familia ile haikuwa familia ya kufuga ndege.

Lililoniumiza zaidi baada ya la Dunga ni la ndugu wawili Kondele. Mdogo amesikia habari kwa abiria wake, anamkuta mkubwa kwenye stendi ya bodaboda, wanagombana. Waigizaji wale walikuwa wamejifua. Walijua kukatizana maneno, walijua kusema jambo zito kwa sauti ya chini kwa sababu watu wanawatazama. Mwelekezi akataka kamera iwazunguke, mzunguko mmoja baada ya mwingine bila kukata, kwa lenzi pana. Lenzi pana inaona kila kitu, na kamera inayozunguka haina nyuma. Hapakuwa na mahali pa kusimama na fimbo yangu. Ukiisogeza maiki nyuma mpaka umbali ukawa mara mbili unapoteza desibeli sita za sauti unayoitaka, huku kelele ya Kondele haipungui hata kidogo. Maiki ndogo za kifuani nilizowavisha zilikwaruza mashati walipoanza kushikana. Mwishowe maneno yakarudiwa ndani ya chumba kilichotundikwa mablanketi. Walikuwa wamekaa, wamepumzika, wanasoma. Sauti zilikuwa safi kabisa. Ugomvi haukuwepo tena.

Sasa niseme lililokuwa zuri, maana nisingependa msomaji adhani nachukia kila mbinu.

Kuna onyesho la matatu. Mama na mwanawe mdogo wanakwenda Seme kuona kama ni kweli, kwa barabara ya Kisian kuelekea Bondo. Tulikodi matatu halisi ikiwa na abiria wa kujaza viti, na ndani yake hamna nafasi ya kitu. Kamera ilikaa kiti cha mbele, ikafungwa, ikaangalia nyuma. Hakuna kuzunguka, hakuna kuinuka. Slomo isingefaa kwa kuwa nje ya dirisha dunia inakwenda. Maiki moja niliificha kwenye pindo la leso ya mama, nyingine kwenye kola ya kijana, na mimi nikajikunja kiti cha nyuma kabisa. Injini ilinguruma, konda aliimba majina ya vituo, abiria mmoja alibishana juu ya chenji. Katikati ya hayo yote mama anamwambia kijana, bila kumtazama, jinsi baba yake alivyopima shamba kwa hatua za miguu siku aliyomleta hapo kama bibi arusi. Onyesho hilo lilipita kwenye uhariri karibu bila kuguswa, kwa sababu hapakuwa na picha nyingine ya kulikatia. Tazama filamu ile leo. Hapo ndipo utakapomjua yule mama.

Na kuna picha moja ya droni ambayo ningeitetea mbele ya mtu yeyote. Wanapofika Seme, tunaliona shamba kutoka juu. Vigingi vipya vimeshapigwa. Ukiwa chini unaona miti na nyasi. Ukiwa juu unaona jinsi kipande kilivyo chembamba, jinsi mashamba ya majirani nayo yalivyogawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa mistari, na jinsi vigingi vya mnunuzi vilivyoukata mstari huo mahali lilipo kaburi. Huwezi kuyaona hayo ukiwa umesimama. Droni ilitupatia habari ambayo hadithi iliihitaji. Ile ya Dunga ilipanda kutuambia kwamba mama ana huzuni, na hilo tulikuwa nalo tayari, tena kwa karibu.

Kabla ya filamu kukamilika ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa moja hapa mjini, ili mwelekezi aone watu wanaipokeaje. Walikuja waigizaji na jamaa zao, vijana wa chuo, na kundi la akina mama wa samaki walioalikwa kwa sababu tulipiga kwenye sehemu yao ya kazi. Waliketi pamoja, upande mmoja. Nilisimama karibu nao kwa kuwa spika moja ya ukumbi ilikuwa hapo na nilitaka kuisikia.

Onyesho la Dunga lilipofika, ngurumo ikapasuka, na akina mama wale wakageukiana. Sikuelewa. Filamu iliendelea, wengine ukumbini walipiga makofi mwishoni, na mwelekezi akaomba maoni. Vijana walisifu droni. Mtu mmoja alisifu rangi. Kisha mama mmoja wa samaki, mtu mzima, akasimama na kusema kwa adabu sana:

"Mwanangu, mmefanya kazi nzuri na mmetuheshimu. Lakini mimi nauliza. Ngurumo ikipiga namna ile, mwanamke mwenye omena juu ya wavu hawezi kukaa. Hata akiambiwa mtoto amekufa, mikono yake itaanua kwanza. Mvua ikiwapata wameharibika, na pesa ni ya mkopo. Kwa nini huyu mama amekaa tu?"

Ukumbi ulinyamaza. Mwenzake aliyekaa naye akaongeza kwamba ngurumo yenyewe ni ya saa ngapi, maana kivuli cha kijana kilikuwa kirefu na jua kali, na mvua ya Kisumu yenye radi kama ile huja alasiri au usiku.

Wale wanawake walikuwa wamekaa na yule mjane vizuri kabisa mpaka ngurumo ilipolia. Walimwamini. Waliijua kazi yake, walijua maana ya vidole vyake. Ngurumo iliwekwa ili iwaongezee hofu, badala yake ikawaambia kwamba mama huyu si mwenzao. Tangu hapo, alichokifanya kikawa uigizaji.

Walipokuwa wakitoka, yule wa kwanza alinijia kwa kuwa alinikumbuka Dunga na fimbo yangu. Akaniuliza, "Yule mama alimjibu nini mtoto? Niliona mdomo, sikusikia."

Nikamwambia: alimuuliza kama amekula.

Alisimama akanitazama. Akasema, "Ah." Halafu akasema, "Sasa mbona mmetuficha hilo?"

Nililibeba swali hilo mpaka kwa mwelekezi, nikampa kama nilivyopewa. Tuliketi nje ya ukumbi tukazungumza kwa muda mrefu, na namshukuru kwamba alizungumza nami wazi. Alisema watazamaji wetu wamelelewa na telenovela. Ukiwaachia kimya wanadhani stesheni imekatika, wanabadilisha. Alisema wanaonunua filamu hutazama trela kwanza, na trela haiwezi kuuzwa na mama anayechambua omena. Na akasema jambo ambalo nililiheshimu: kwamba aliogopa. Onyesho lile lilikuwa dogo mno kwa macho yake, na yeye alijua lina uzito, kwa hiyo kila alipolitazama kwenye kompyuta aliona kama halijatosha, akaongeza kitu.

Nimefikiria sana hofu hiyo inatoka wapi, kwa sababu si yake peke yake. Nimeikuta kwa wengi ninaofanya nao kazi kutoka Nakuru mpaka Busia. Sehemu yake, nadhani, ni shule. Wengi wetu tuliingia sanaa kupitia tamasha za drama za shule, na ni malezi mazuri ambayo sitayatusi. Lakini ukumbi wa tamasha ni mkubwa, jopo la waamuzi limekaa mbali, mtoto wa mwisho nyuma kabisa lazima aone na asikie. Unafundishwa kwamba huzuni ioneshwe kwa mwili wote, kwamba rangi ya vazi iseme, kwamba wimbo uingie pale moyo unapovunjika. Vyote vinafaa ukumbini. Kamera imekaa hatua moja kutoka kwenye uso wa mtu, na maiki nusu mita, nao hawahitaji kupelekewa kitu mbali hivyo.

Sehemu nyingine ni video za muziki, na hapa nazungumza kama mtu wa sauti. Mwelekezi wetu, kama wengi wa umri wake, alijifunzia kazi huko. Kwenye video ya muziki sauti imeshatengenezwa studio kabla kamera haijawashwa. Inapigwa kwenye spika, msanii anafuatisha mdomo, na hakuna anayerekodi chochote pale. Picha ndiyo yenye kazi ya kushindania jicho: slomo, kuzunguka, droni, rangi. Mtu akifanya hivyo kwa miaka anazoea mahali pa kupigia pasipo na masikio. Anapokuja kwenye hadithi ya watu wanaozungumza, hasubiri kusikia. Anatazama picha nzuri isiyo na muziki na kuiona kama kazi ambayo haijamalizika.

Juu ya watazamaji sikukubaliana naye. Alinitajia vibanda vya video, jinsi watu wanavyompenda DJ Afro anayefasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, akisema hiyo ni dalili kwamba watu wetu wanataka kuelezwa. Mimi naona kinyume. DJ Afro anapendwa kwa kuwa anakaa upande wetu, ni mwenzetu anayetazama nasi na kupiga soga, na tunajua wazi kwamba sauti yake ni yake na filamu ni filamu. Fidla na ngurumo havikai nasi. Vinatoka ndani ya filamu yenyewe, vinadai kuwa ni ukweli wa mahali pale. Na akina mama wa Dunga walionyesha kwamba hawakuhitaji kuelezwa; walikuwa mbele ya filamu.

Kuna jaribio linalosimuliwa katika madarasa ya filamu, la Mrusi Lev Kuleshov, yapata miaka mia moja iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso uliotulia, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakausifu uso huo kwa kuonyesha njaa, kisha huzuni, kisha tamaa, na uso ulikuwa uleule mara zote. Hupenda kuwasimulia vijana habari hiyo nikiongeza ya Dunga. Mtazamaji akipewa neno la kijana na vidole vilivyoacha, kazi iliyobaki anaifanya mwenyewe, na ile anayoifanya mwenyewe ndiyo inayomliza. Mama wa samaki aliyenijia mlangoni alihitaji maneno mawili tu kutoka kwangu, bila picha, na uso wake ukabadilika.

Mwelekezi alinisikiliza kiasi. Ngurumo aliiondoa, hilo alilikubali siku ileile, kwa ajili ya omena. Fidla zilibaki, zilishushwa kidogo, na "Umekula?" sasa inasikika ukiwa kwenye chumba kimya. Slomo ilibaki kwa kuwa ilikuwa ndani ya trela. Nilimpa mhariri faili ya onyesho la Dunga kama tulivyolipiga mara ya kwanza, lile la fremu 25 lenye mchakacho, nikamwomba alijaribu walau mara moja bila muziki. Alilijaribu, akaniita nilione. Tulilitazama sote wawili. Naye akaniambia kwamba angelichagua hilo, lakini uamuzi haukuwa wake.

Wapo watakaosema suluhisho ni kukataza. Mwaka 1995 waelekezi wawili wa Denmark, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, walitoa masharti kumi waliyoyaita Dogma 95, na moja lilikuwa kwamba sauti isitengenezwe kando na picha, wala muziki usitumike ila ule unaolia pale pale panapopigwa. Niliposoma sharti hilo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyetetewa. Sasa silitaki liwe sheria kwetu. Ningeikosa ile droni ya Seme, na siku nyingine fidla huenda zikastahili. Ninachokidai ni kidogo zaidi: kabla mwelekezi hajaongeza kitu, akisikilize kwanza kile ambacho mwigizaji amekwisha kuleta. Akae na hedifoni zangu. Wengi hawajawahi kuzivaa.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kukubali kazi, huomba skripti na kuuliza katika kila onyesho kubwa tunataka mtazamaji asikie nini. Mwelekezi akinijibu kwa kuniambia muziki utakaowekwa, naendelea kuuliza. Kila onyesho la slomo naomba lipigwe kwanza kwa mwendo wa kawaida, mpaka mwisho, kimya kikiwa kimetunzwa. Narekodi mikono peke yake: ya kukata sukuma, ya kuhesabu noti, ya kufunga mlango wa mabati. Narekodi chumba kitupu, watu wote wakiwa wamesimama bila kusogea kwa dakika nzima, jambo linalowakera mafundi wa taa wenye haraka ya kufungasha. Nafanya hivyo ili mhariri asipate sababu ya kusema hapakuwa na kitu, ikabidi aweke fidla.

Majuzi nilikuwa Kakamega na mwelekezi kijana, dada mwenye bidii, filamu yake ya kwanza ndefu. Baba na binti wanakutana jikoni baada ya miaka ya kutosemezana, na baba anashindwa kuwasha jiko kwa sababu mikono inatetemeka. Akataka slomo kwenye kiberiti. Nikamvisha hedifoni, nikamwomba mwigizaji awashe kwa mwendo wake wa kawaida. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikakwaruza bila kushika. Tukasikia binti, aliyekuwa nyuma na hayumo kwenye fremu, akianza kusogea kumsaidia kisha akisita. Mwelekezi alivua hedifoni akaniambia, "Kaka, hiyo hatua yake sikuiona." Tulipiga zote mbili, ya kawaida na ya slomo, kwa kuwa filamu ni yake.

Picha zimeshafika kwa mhariri. Nimemwandikia kwamba sauti za jikoni ziko kwenye folda ya pili, zimeandikwa majina moja moja, na kwamba hatua za binti ziko kwenye maiki ya pili. Azisikilize kabla ya kumwita mtunga muziki.